Mgawa Karata Akikosea, Pesa ni za Nani?

Mtu akipunjwa hupaza sauti. Akizidishiwa hukohoa kidogo, akatazama kando, kisha akatia mfukoni. Tabia hii imetuzoea kiasi kwamba hatuioni tena kuwa ni tabia. Abiria aliyerudishiwa chenji ya shilingi mia badala ya hamsini hushuka kwenye matatu kwa haraka isiyo ya kawaida. Tangu M-Pesa ilipoanza mwaka 2007, wako waliopokea pesa zilizotumwa kwa nambari isiyo sahihi, na kabla mtumaji hajamaliza kuomba muamala ubatilishwe, mpokeaji amekwisha kufika kwa wakala na kuzitoa. Ukimwuliza, atakwambia ni Mungu aliyemkumbuka.

Leo ningependa tulichunguze suala hili mahali ambapo yamkini msomaji hakutarajia safu hii ielekee, nako ni kwenye meza ya kasino. Nia yangu si kuipamba kamari, ambayo sheria yetu inawakataza walio chini ya umri wa miaka 18, na ambayo imemeza karo ya vijana wa vyuo ambao wazazi wao waliuza ng'ombe ili wasome. Nimeichagua meza hiyo kwa sababu moja tu: pale kila kosa lina bei inayoonekana kwa macho, na kila anayelinyamazia analinyamazia mbele ya mashahidi.

Mchezo wenyewe huitwa blakijeki, au ishirini na moja. Mchezaji hushindana na mgawa karata wa nyumba, wala si na wachezaji wenzake. Karata huhesabiwa kwa thamani yake, zenye picha zikiwa kumi kumi, nayo ree ikiwa moja au kumi na moja kwa jinsi inavyomfaa mwenye nayo. Anayekaribia 21 bila kuipita hushinda. Mgawa karata hana hiari: akiwa na 16 au chini yake lazima achukue karata nyingine, na akifika 17 kwa kawaida husimama. Mchezaji aliyepata ree na karata ya kumi katika karata zake mbili za kwanza hulipwa, kwa kanuni ya asili, tatu kwa mbili. Aliyeweka dau la dola 50 hupewa 75.

Kanuni ni nyepesi, lakini mgawa karata huifanya kazi hiyo kwa saa nyingi, usiku, kwa kasi, huku akichekewa, akitukanwa na kuvutiwa moshi. Basi hukosea. Tuseme amejigawia ree, nne, mbili na ree nyingine. Hiyo ni 18, na imempasa asimame. Lakini uchovu humfanya azihesabu ree zote mbili kuwa moja moja. Akaona 8, akachukua saba, akaona 15, akachukua tisa, akapasuka kwa 24. Meza nzima ikalipwa. Wakati mwingine mgawa karata humlipa mchezaji waliyetoka naye sare, au akamlipa aliyeshindwa. Anayelipa tatu kwa mbili kwa dau la dola 35 hulazimika kutafuta 52 na nusu kichwani, na hapo ndipo vidole huteleza. Wapo pia wanaoishika karata iliyofunikwa kizembe, hata aliyeketi pembeni akaiona.

Wachezaji hufanyaje? Kosa likiwaumiza, mkono huinuka mara moja. Mgawa karata hupaswa kuacha kila kitu kilivyo na kumwita msimamizi, naye huamua. Ndiyo maana wagawa karata waliofunzwa vyema huziokota karata kwa utaratibu maalumu, ili mchezo uliokwisha uweze kupangwa upya kama ulivyokuwa. Kosa likiwanufaisha, meza huingiwa na kimya ambacho hata kanisani hukioni. Akitokea mmoja akasema, "Dada, umenilipa zaidi," wenzake humkodolea macho kana kwamba ndiye aliyewaibia. Kwao, msema kweli ni msaliti.

Wanyamavu hao wana hoja zao, nami sitaki kuzidharau. Wanasema nyumba ni tajiri. Wanasema nyumba haiwaonyi wanapocheza kipumbavu, basi kwa nini wao waionye nyumba? Wanasema kanuni zote zimetungwa ili wao washindwe, hivyo kinachorudi ni chao kilichokwisha kuchukuliwa. Hoja ya tatu ndiyo yenye nguvu kidogo, kwa maana ni kweli kwamba nyumba ina faida. Lakini faida hiyo haikufichwa. Mchezaji aliyesoma mbinu sahihi, katika meza yenye kanuni nzuri, huipa nyumba takriban nusu ya asilimia 1 tu ya anachokiweka. Hilo lilianza kujulikana na umma hasa baada ya Edward Thorp, mwalimu wa hisabati nchini Marekani, kuchapisha kitabu chake mwaka 1962.

Walimu wa hisabati wanaweza kulifanya jambo hili somo la dakika tano. Ikiwa faida ya nyumba ni nusu ya asilimia 1, na mgawa karata akamlipa dola 100 mtu aliyestahili kunyang'anywa dola 100, nyumba imepoteza dola 200. Ili faida ya kawaida irudishe dola hizo 200, inabidi madau ya jumla ya dola 40,000 yawekwe. Kosa la sekunde moja limekula kazi ya usiku mzima wa meza moja. Na hesabu hiyo haimwendei tajiri mwenye jengo moja kwa moja. Humwendea kwanza mwenye mikono iliyoteleza, kwa maana juu yake kuna kamera, na nyuma yake kuna msimamizi anayeandika. Huko Marekani wagawa karata wengi hulipwa mshahara mdogo na kutegemea bakshishi za wachezaji hao hao wanaonyamaza. Anayedhani amemwibia tajiri amemwibia mfanyakazi mwenzake.

Hata hivyo, sikubaliani na wanaosema kwamba kila faida itokanayo na kosa la mwingine ni wizi. Kupewa pesa usizostahili ni jambo moja. Kuona kisichofichwa vizuri ni jambo jingine. Huko Nevada, katika miaka ya 1980, mahakama zilikataa kumtia hatiani mchezaji aliyeiona karata ya mgawaji akiwa ameketi wima kwenye kiti chake, bila kioo wala chombo chochote. Nadhani zilifanya haki. Jukumu la kuificha karata ni la anayeigawa, na mchezo wenyewe ni wa kutumia macho na akili. Mwanafunzi anayebashiri swali la mtihani kwa kuwa amemsikiliza mwalimu wake kwa makini hajaiba mtihani.

Kesi ngumu zaidi ni ya Atlantic City. Mnamo Aprili 2012, katika kasino ya Golden Nugget, karata zilizopaswa kufika zikiwa zimekwisha kuchangwa na kiwanda zilifika bila kuchangwa. Mchezo ulikuwa wa bakara. Wachezaji 14 wakatambua kwamba karata zinajirudia kwa mpangilio ule ule. Dau lililokuwa dola 10 likapanda hadi 5,000, wakashinda mara 41 mfululizo, takriban dola milioni 1.5. Hawakuzigusa karata. Hawakumdanganya mtu. Walitazama tu, wakanyamaza, wakaongeza dau. Mwaka 2015 jaji wa jimbo la New Jersey aliamua kwamba mchezo ule haukuwa mchezo halali hata kidogo, kwa kuwa kanuni zinataka karata zichangwe. Wachezaji warudishe walichoshinda, na kasino iwarudishie fedha walizoanza nazo.

Wengi walilalamika kwamba kasino imelindwa dhidi ya uzembe wake. Malalamiko hayo yana uzito, hasa ikikumbukwa kwamba kama mpangilio ule ungeinufaisha nyumba, sidhani nyumba ingemwita jaji. Lakini hoja ya hukumu haikuwa kwamba wachezaji walikuwa wezi. Ilikuwa kwamba bila bahati nasibu hakuna kamari, na pasipokuwa na mchezo hakuna mshindi. Nimeipima hoja hiyo mara nyingi na ningali naiona kuwa sahihi, ingawa moyo wangu uko upande wa wale 14.

Moyo huo hauko upande wa Phil Ivey. Mwaka huo huo wa 2012, katika klabu ya Crockfords jijini London, mchezaji huyo mashuhuri na mwenzake walizitambua karata ambazo mapambo ya mgongoni hayakukatwa sawasawa pande zote. Kasoro ilikuwa ya kiwanda. Ila wao hawakuishia kutazama. Walimwomba mgawa karata azigeuze baadhi ya karata, wakisingizia kwamba ni imani yao ya bahati, naye maskini akatii asijue anapanga kushindwa kwa nyumba yake. Walishinda pauni milioni 7.7, klabu ikakataa kulipa. Mnamo Oktoba 2017 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba huo ulikuwa udanganyifu katika mchezo, ingawa Ivey mwenyewe aliamini kwa dhati kwamba hakudanganya. Hapo, walimu wenzangu, ndipo penye kiini. Mahakama ilisema unyofu wa mtu haupimwi kwa kipimo anachojitengenezea mwenyewe; huangaliwa kwanza anachokijua na kukiamini, kisha tendo lake hupimwa kwa kipimo cha watu wa kawaida walio waadilifu.

Sasa tuje darasani. Uadilifu umeandikwa katika mtaala wetu wa umilisi kuwa mojawapo ya maadili ya msingi, pamoja na upendo, heshima na uwajibikaji. Mtoto hufundishwa kulitamka neno hilo, na akaulizwa alitungie sentensi. Lakini siku halisi ya kulipima ni siku ya kurudisha karatasi za mtihani. Mwalimu amesahihisha karatasi themanini usiku, kwa taa hafifu, na kujumlisha alama kwa haraka. Amekuwa mgawa karata. Asubuhi hujipanga foleni mbele ya meza yake: "Mwalimu, hapa umenipunguzia mbili." Ni haki yao, wasikilizwe. Lakini foleni ya waliozidishiwa iko wapi? Kanuni za uwezekano hazikubali kwamba mwalimu mchovu hukosea upande mmoja tu.

Na yule mmoja anayekuja, maana yupo, tumfanyie nini? Wako walimu wanaomwachia alama zile kama tuzo ya ukweli wake. Wana huruma, lakini wameufanya ukweli kuwa biashara, na kesho watapata wakweli wengi wenye tamaa. Wengine huziondoa alama na kumsifu mbele ya darasa zima, nao hawajui wanachokifanya. Wanamsimamisha mtoto mahali pale pale aliposimama mchezaji aliyesema, "Dada, umenilipa zaidi," macho yote yakimkodolea. Atakapotoka nje kwa mapumziko atakuwa na jina jipya.

Mimi naona alama ziondolewe, kimya kimya, kwa kalamu ile ile nyekundu, na mwalimu atie sahihi yake kando ya jumla mpya. Mtoto akishuka kutoka nafasi ya tatu hadi ya tano, ashuke. Mzazi akija kuuliza, aonyeshwe karatasi na kuelezwa kwamba aliyeligundua kosa ni mwanawe. Jambo hilo likizungumzwa nyumbani jioni hiyo, kati ya mzazi na mtoto, bila hadhira, litafika mbali kuliko makofi ya darasa. Kisha mwalimu aketi azipitie karatasi nyingine 79, kwa sababu kosa lililopatikana katika moja kwa bahati ya mtoto mkweli bado limelala katika nyingine, pamoja na wenyewe walionyamaza.