Jina la mtoto wa Bura na somo kutoka kaskazini mwa Ulaya

Na MWANDISHI WETU

KILA mwaka, afisi za takwimu katika nchi za kaskazini mwa Ulaya hutangaza orodha ya majina ambayo wazazi wengi waliwapa watoto wao. Huko habari hiyo hujadiliwa na watu wa kila tabaka kama sisi tunavyojadili bei ya unga.

Mnamo Desemba 2024, afisi ya takwimu ya Uingereza ilitangaza kwamba Muhammad ndilo jina lililoongoza kwa wavulana waliozaliwa Uingereza na Wales mwaka 2023. Watoto 4,661 walipewa jina hilo, nao 4,382 wakaitwa Noah. Huko Norwe, afisi ya takwimu ilikuwa imeeleza tangu mwaka 2014 kwamba Mohammed lilikuwa jina la wanaume wengi zaidi jijini Oslo kuliko jina jingine lolote.

Wapo waliozipokea habari hizo kwa hofu, na wapo waliozipokea kwa fahari. Kwa mkazi wa Bura, katika eneo la Fafi, Kaunti ya Garissa, halikuwa jambo la kushangaza. Hapa ukiita "Mohamed" sokoni, watageuka wengi.

Hata hivyo, nyuma ya orodha hizo limo jambo linalomhusu moja kwa moja mzazi wa Bura. Jina la mtoto huchaguliwa na wazazi, lakini likishaingia katika daftari la serikali, karani naye huwa na sauti juu yake. Namna anavyoliandika yaweza kumfungulia mtoto mlango au kumfungia.

Tuanze na tahajia. Afisi ya Uingereza huhesabu kila namna ya kuandika kama jina tofauti. Muhammad, Mohammed na Mohammad yote yalikuwa katika orodha ya majina 100 ya mwaka 2023, kila moja katika nafasi yake. Kwa Mwislamu jina hilo ni moja, lakini kwa daftari ni majina matatu.

Wasomali wanalijua tatizo hili vyema. Tangu mwaka 1972, Somalia ilipoanza kuandika lugha yake kwa herufi za Kilatini, jina hilo huandikwa Maxamed, Hassan likawa Xasan, na Abdi likawa Cabdi. Nchini Kenya makarani waliendelea kuandika kwa kufuata sikio lao. Ndugu wawili wa baba mmoja, mmoja akiwa na hati za Mogadishu na mwingine za Garissa, waweza kuonekana mbele ya afisa kama watu wasio na udugu wowote.

Ajabu ni kwamba majina yenyewe hayako mbali kama watu wanavyodhani. Noah, linalopendwa sana Uingereza na Uswidi, ni Nuhu. Jakob wa Norwe ni Yakub. Adam ndiye Aden wa Wasomali. Mama wa Stockholm na mama wa Bura huenda wamechota katika kisima kimoja pasipo kujua.

Linalowatenga ni mpangilio wa majina.

Kwa desturi ya Wasomali, mtoto hupewa jina lake katika siku za mwanzo za uhai wake, kondoo akachinjwa katika sherehe iitwayo wanqal. Jina laweza kuwa la dini, au la tukio. Aliyezaliwa wakati wa mvua huitwa Roble, kama vile Waluhya wanavyomwita Wafula na Wajaluo wakamwita Okoth. Aliyezaliwa safarini ni Gedi, aliyeleta habari njema ni Warsame, na msichana aliyezaliwa na bahati ni Ayan.

Baada ya jina lake hufuata la baba, kisha la babu. Hakuna jina la ukoo lisilobadilika. Mwanamke akiolewa habadilishi lake, kwani ndoa haimwondolei baba yake. Na mtoto hufundishwa kuhesabu mababu zake mmoja baada ya mwingine, hesabu iitwayo abtirsi, ambayo hueleza yeye ni nani na wa nani.

Ndiyo maana magazeti yetu yanapomtaja mwanasiasa wa Garissa, Aden Bare Duale, kwa jina "Duale" pekee, kwa kanuni za kwao yanamtaja babu.

Mzungu wa kaskazini akiusoma mpangilio huo anaweza kudhani ni mambo ya wafugaji wa jangwani. Anasahau ya kwao. Hansen maana yake ni mwana wa Hans, na Andersson ni mwana wa Anders. Kwa karne nyingi majina hayo yalibadilika kila kizazi, sawasawa na hapa Bura. Mtoto wa Anders Hansen aliitwa Andersen, wala si Hansen.

Ni serikali zilizokomesha desturi hiyo, kwa kutaka hesabu nyepesi za kodi, jeshi na urithi. Denmark ilitoa amri yake mwaka 1828, Uswidi ikaweka kanuni zake mwaka 1901, na Norwe ikapitisha sheria mwaka 1923 iliyotaka kila familia iwe na jina moja la kudumu. Jina la babu mmoja likagandishwa, likabebwa na vitukuu ambao hawakumjua.

Nchi moja ilikataa kufuata mkondo huo. Nchini Iceland, hadi leo watu wengi hutumia jina la baba au la mama badala ya jina la ukoo. Waziri Mkuu aliyeongoza kati ya mwaka 2017 na 2024, Katrín Jakobsdóttir, ni "Katrín binti Jakob", na kwao humwita Katrín tu. Dola ya Iceland haikuporomoka kwa sababu hiyo. Kodi hulipwa, pasipoti hutolewa, na kila raia hutambuliwa kwa nambari yake.

Huenda msomaji akasema Iceland ni nchi ndogo. Ni kweli, watu wake hawafiki 400,000. Lakini Garissa yenyewe, kwa sensa ya mwaka 2019, ilikuwa na watu 841,353. Lililowezekana huko haliwezi kuitwa muhali hapa.

Sasa tumtazame kijana wa kubuni, Roble Abdi Warsame, aliyetoka Bura akahamia Oslo. Angebaki nyumbani, mwanawe angeitwa Nuh Roble Abdi. Huko ugenini, mara nyingi jina la tatu ndilo huandikwa kuwa la familia, hivyo mtoto anakuwa Nuh Warsame, na mjukuu vilevile. Mnyororo wa mababu unakatika kwa kalamu ya karani, kama walivyokatiwa Wanorwe wenyewe karne moja iliyopita.

Wengine hulazimika kwenda mbali zaidi. Utafiti wa wanauchumi wa Stockholm, Mahmood Arai na Peter Skogman Thoursie, uliochapishwa mwaka 2009, ulionyesha kwamba wahamiaji waliobadilisha majina yao ya kigeni nchini Uswidi waliongeza mapato yao wakilinganishwa na wenzao ambao hawakuwa wamebadilisha. Ujuzi wao haukuongezeka siku hiyo. Kilichobadilika ni jina lililo juu ya barua ya kuomba kazi.

Lakini tusiwanyoshee Wazungu kidole kana kwamba sisi tumetakata. Hapa Kenya, jina la Kisomali limemgharimu mwenyewe katika nchi yake ya kuzaliwa. Mnamo Novemba 1989, serikali ilianza kuwahakiki Wasomali wa Kenya peke yao, na waliokubaliwa wakapewa kadi ya rangi ya waridi juu ya kitambulisho cha kawaida. Kwa miaka mingi baada ya hapo, kijana wa kaskazini mashariki aliyetimiza umri wa miaka 18 alifikishwa mbele ya jopo la machifu, wazee na maafisa wa usalama, akaulizwa nasaba yake. Ile abtirsi aliyofundishwa iwe heshima ikageuka kuwa mtihani.

Fafi ilipata pigo la ziada. Kambi ya wakimbizi ya Hagadera imo katika eneo hili. Wakati wa ukame, raia wengi wa Kenya walijiandikisha humo kama wakimbizi ili wapate chakula na matibabu. Watoto walioandikishwa walipokua na kuomba vitambulisho, alama za vidole vyao zilikutwa katika daftari la wakimbizi, nao wakanyimwa. Maelfu walijikuta hawana nchi, ilhali hawajawahi kuvuka mpaka.

Mnamo Februari 2025, akiwa Wajir, Rais William Ruto alitangaza kukomeshwa kwa uhakiki huo wa kibaguzi katika kaunti za mpakani. Hatua hiyo ilistahili pongezi. Lakini tangazo la Rais halisahihishi tahajia. Kijana ambaye cheti chake cha kuzaliwa kinasema Mohamed, cha shule Muhamed, na kitambulisho cha baba yake Maxamed, bado ana safari ndefu.

Hapo ndipo somo la kaskazini mwa Ulaya linapotufaa. Uswidi na Norwe zinatuonyesha kwamba serikali inaweza kuvunja desturi ya majina ndani ya kizazi kimoja. Iceland inatuonyesha kwamba haikuwa lazima. Kenya imeanzisha Maisha Namba, nambari ambayo mtu anakusudiwa kuwa nayo tangu kuzaliwa hadi kufa. Ikiwa nambari itatosha kumtambulisha raia, basi hakuna sababu ya kulitesa jina lake, wala kumshuku mama ambaye jina lake la mwisho halifanani na la mwanawe.

Wajibu hauko kwa serikali pekee. Mzazi wa Bura naye amwandikishe mtoto mapema, kabla ya mvua kuwahamisha, na ahakikishe kwamba herufi zilizoandikwa siku hiyo ndizo zitakazotumika shuleni. Serikali nayo iwasogezee wafugaji huduma ya usajili na usahihishaji, kwani kubadili jina kwa hati ya wakili na tangazo katika Gazeti Rasmi ni gharama isiyobebeka kwa mwenye mbuzi kumi.

Wahenga walisema jina jema hung'ara gizani. Mtoto atakayezaliwa Bura mvua zijazo huenda akaitwa Roble, na huenda akaitwa Muhammad kama maelfu ya watoto wa Uingereza. Vyovyote atakavyoitwa, jina hilo lisiwe sababu ya kuulizwa, miaka 18 baadaye, kama kweli ni Mkenya.