Tusimsingizie Mungu Kuta Zetu

Kila mara nchi inapotikisika kidogo hapa Uvira, mabati yakalia, vikombe vikagongana kabatini na mbwa wakabweka toka Kavimvira mpaka Kalundu, mambo huwa yale yale. Watu hutoka nje na nguo yo yote waliyoipata. Husimama barabarani robo saa, huulizana, "Umesikia?", hucheka kwa hofu, kisha hurudi kulala. Asubuhi maneno huanza, na maneno hayo ndiyo tunayotaka kuyapinga leo.

Yuko asemaye kwamba ameoneshwa ndotoni: lijalo litakuja Alhamisi, saa tisa ya usiku. Habari hiyo huenea katika simu za watu kabla ya jua kuchwa, na usiku huo akina mama hulala nje na watoto wachanga, kwenye umande na mbu. Twasema waziwazi: hakuna mtu duniani, awe mtabiri au mwenye elimu ya miamba, ajuaye siku na saa ya tetemeko. Wataalamu wa Lwiro, ambako vyombo vya kupimia matetemeko vilianza kazi katika miaka ya 1950, waweza kutuambia lilitokea wapi na lilikuwa na nguvu gani. Saa ya lijalo hawaijui, wala hawajidai kuijua. Ni kweli kwamba baada ya tetemeko kubwa hufuata mengine, kwa kawaida madogo zaidi, kwa siku nyingi au hata majuma, na mwenye nyumba iliyopasuka afanya vema asilale ndani yake. Lakini huyo anaufuata ufa anaouona kwa macho, hafuati ndoto ya jirani.

Mwingine hudai kwamba ni adhabu. Hutaja na dhambi yenyewe, na mara nyingi huwa ni dhambi ya mtaa wa pili, kamwe si ya kwake. Hatari zaidi, huanza kumnong'oneza kikongwe fulani aishiye peke yake. Wakristo wanaosema hivyo wafungue Injili ya Luka, sura ya 13. Mnara wa Siloamu uliwaangukia watu 18 wakafa, na Bwana wetu alikataa katakata kwamba hao walikuwa wakosefu kuliko wenyeji wengine wa Yerusalemu. Aliwaita wote watubu. Hakumpa mtu ruhusa ya kuhesabu dhambi za marehemu.

Na tuangalie nchi tuliyopewa. Ziwa hili mbele yetu lina kina cha mita 1,470 hivi, na milima ya Mitumba yasimama nyuma yetu kama ukuta. Kwa nini shimo kubwa namna hii liwe chini ya milima mirefu namna hii? Kwa sababu hapa nchi inatanuka. Pande mbili za bonde zinaachana polepole, milimita chache kwa mwaka, na miamba iliyokazwa kwa muda mrefu hufika siku ikakatika ghafula. Mtikiso wa kukatika huko ndio tetemeko. Lilikuwako kabla ya babu zetu na dhambi zao.

Lakini adui tunayemwogopa kuliko wote si mtabiri. Ni yule mtu mpole, mwenye busara, asemaye, "Ah, ni kadogo tu. Nyumba yangu imepita mengi kama hayo." Huyu husikilizwa na watu wazima, tena huonekana shujaa. Basi asikie hesabu. Katika kipimo cha matetemeko, kupanda namba moja ni kuzidisha nguvu mara 32 hivi. Kwa hiyo lenye namba 6 lina nguvu karibu mara 1,000 kuliko lenye namba 4. Nyumba iliyoyashinda madogo kumi haijashinda jambo lo lote. Na makubwa si hadithi ya nchi za mbali. Septemba 1960 liligonga hapa hapa Uvira, la 6.5 hivi. Tarehe 5 Desemba 2005 lilitokea la 6.8 chini ya ziwa letu, upande wa Kalemie. Nyumba zikaanguka, watu kadhaa wakafa, na mtikiso wake ukasikika hata Nairobi. Makubwa huja mara chache, na uchache huo ndio unaotudanganya.

Tarehe 3 Februari 2008 ilikuwa Dominika. Saa tatu na nusu ya asubuhi nchi ilitikisika kandokando ya Ziwa Kivu, namba 5.9. Watu wapatao 40 walikufa, wengi wao upande wa Rwanda, na baadhi waliangukiwa na kanisa wakiwa katika ibada. Tufikiri hapo, ndugu wasomaji. Watu wale walikuwa mahali ambapo kila mchungaji angependa kuwaona saa ile. Walichouawa nacho ni matofali.

Ukuta wa matofali hubeba uzito wa paa vizuri sana, maana uzito huo hushuka chini. Tetemeko husukuma kwa ubavu, na tofali bichi lililounganishwa kwa tope halina kitu cha kulishika. Pembe za nyumba hufunguka, na ile pembetatu ya ukuta iliyo juu, chini ya paa, huanguka ya kwanza. Wazee wetu walijenga kwa miti na fito, wakakandika udongo. Nyumba ile hucheza, hudondosha udongo, na mara nyingi hubaki imesimama. Sisi tuliicheka kuwa ni ya kimaskini, tukaenda kupanga matofali mazito bila mti wala nondo ndani yake, tukasema tumeendelea! Watu wa Lisbon walifumbuka macho baada ya tarehe 1 Novemba 1755, sikukuu ya Watakatifu Wote, makanisa yalipowaangukia waamini waliojaa ndani: walipoujenga mji upya, walitia kiunzi cha mbao ndani ya kuta.

Tutajibiwa kwamba sementi ni ghali. Ni ghali, twajua bei yake. Lakini mbona fedha za rangi hupatikana, na za dari, na za mnara mrefu kuliko wa parokia jirani? Mkanda wa zege na nondo uzungukao kuta zote juu ya madirisha haupendezi macho, wala hakuna mgeni atakayeusifu siku ya kubariki kanisa. Kwa hiyo huachwa. Kigango kisichoweza zege chaweza kufunga mbao ngumu juu ya kuta, zikashikana pembe kwa pembe. Huko Bukoba, tarehe 10 Septemba 2016, shule ya Ihungo, yenye asili ya misioni, iliharibika vibaya ikabidi ijengwe upya. Ilikuwa Jumamosi, madarasa hayakuwa na masomo.

Basi tetemeko dogo lijalo likipita, halmashauri ya parokia isikae kusikiliza ndoto. Asubuhi hiyo hiyo fundi mmoja na wazee wawili wazunguke kanisa na shule wakiwa na chaki. Watie alama kila ufa unaotoka kwenye pembe ya dirisha na kupanda kwa mshazari, waandike tarehe kando yake, na safari nyingine waone kama umerefuka. Wapande kuangalia kengele na sanamu nzito zimefungwa kwa nini. Mwisho waje mlangoni. Katika makanisa yetu mengi mlango mkubwa hufunguka kwa ndani, na ule wa ubavuni hufungwa kwa komeo Misa nzima, eti watoto wasitoroke. Bawaba zigeuzwe, mlango ufunguke kwa nje. Komeo la ubavuni liondolewe Dominika hii.