Kichwa Kinauma, Shida Iko Shingoni

Ndugu mwandishi, umesema kichwa kinachowauma wabeba viazi wa Bugeshi, nchini Rwanda, ni uchovu tu, wameze panadoli, na kwamba tiba ya kukanda shingo ni kupoteza pesa. Nakataa. Anayeshuka mteremko wa volkano na gunia juu ya ngata, baada ya kuinama shambani kutwa, shingo yake imelemewa. Neva za pingili tatu za juu za shingo hukutana na neva ya hisia za uso ndani ya shina la ubongo; kwa hiyo hitilafu ya shingo huuma kisogoni, hata nyuma ya jicho.

Gwendolen Jull na wenzake wa Australia walichunguza wagonjwa 200 wenye maumivu ya kichwa yatokayo shingoni. Matokeo yao ya mwaka 2002 yalionyesha kuwa tiba ya mikono na mazoezi ya shingo, kwa majuma sita, yalileta nafuu iliyodumu miezi 12.

Simtetei kila mkandaji. Kuzungusha shingo kwa kishindo kunaweza kuchana mshipa wa damu, na mwenye kichwa kinachouma pamoja na homa, au kilichoanza kuuma ghafla, apelekwe hospitali. Lakini je, uliwauliza wale wabeba viazi kama maumivu huzidi wakigeuza shingo?