Mtoto Asiyelala Usiku Hajarogwa

Imani iliyozoeleka katika ukanda unaotoka bandari kavu ya Isaka hadi migodi ya dhahabu ya Geita, kwamba mtoto anayekesha usiku baada ya usiku kisha akasinzia darasani ama amerogwa ama amedekezwa, inastahili kupingwa bila kuonewa haya, kwa kuwa humpa mtoto fimbo na mama masimango kwa jambo ambalo huenda lilianza mimba ilipotungwa.

Usingizi huongozwa kwa sehemu kubwa na melatonini, homoni inayotengenezwa na pinea, tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo, ambayo kwa kawaida huanza kuimwaga giza linapoingia, ikafikia kilele kati ya saa 8 na saa 10 usiku, na kupungua kunapopambazuka. Kwa watu wengi wenye sindromu ya Smith-Magenis, ulemavu nadra wa ukuaji unaosababishwa na kupotea kwa kipande cha kromosomu ya 17 au na hitilafu katika jeni ya RAI1 iliyo hapo, mpangilio huo umepinduka: watafiti wa Ufaransa walionyesha mwaka 2001 kwamba homoni yao huanza kupanda alfajiri na kufikia kilele karibu saa 6 mchana. Mtoto wa namna hiyo si mvivu. Mwalimu anapofundisha hesabu, mwili wake umo usiku wa manane. Tena hitilafu hiyo mara nyingi huzuka yenyewe, bila kurithiwa kwa baba wala kwa mama.

Ndiyo maana fimbo, hirizi na hata ile dawa ya mafua anayonyweshwa mtoto ili asinzie hushindwa zote, kwani hazigusi saa ya mwili iliyopotoka. Madaktari hao wa Ufaransa walitumia asubuhi asebutololi, dawa ya moyo inayozuia ishara za neva zinazoiamuru tezi (si dawa ya kujaribiwa nyumbani, hasa kwa mwenye pumu), na jioni wakatoa melatonini, ambayo nayo si nusukaputi, bali huuarifu ubongo kwamba usiku umeingia. Ni uchawi gani huo unaoondoka kwa kidonge cha moyo?

Itasemwa kwamba sindromu hii humpata mtoto mmoja tu kati ya 15,000 hadi 25,000. Lakini usingizi huvurugika pia katika sindromu ya Angelman, inayotokana na kromosomu ya 15, na katika nyingine kadhaa. Na unadra wenyewe ndio hatari, kwa sababu muuguzi asiyewahi kuuona ugonjwa humwachia mpiga ramli kuutafsiri. Kanda ya Ziwa inajua gharama ya tafsiri hizo: ualbino nao ni suala la jeni, na watu waliuawa kwa ajili yake hadi Serikali ya Tanzania ikawapiga marufuku wapiga ramli chonganishi Januari 2015.

Zahanati haihitaji maabara ya jeni ili kuanza. Inatosha mzazi aandike katika daftari, kwa wiki mbili, saa ambazo mtoto hulala na kuamka, mchana na usiku, na daftari hilo lifuatane na barua ya rufaa hadi Hospitali ya Bugando, Mwanza.