Jembe Si Adhabu

Kila litajwapo neno utamaduni, wengi wetu hufikiri ngoma, vinyago na mavazi ya sherehe. Hayo ni mawazo finyu. Utamaduni wa taifa la wakulima umo kwanza katika jinsi linavyoutunza udongo wake. Na katika jambo hili shule zetu zinastahili lawama, kwa kuwa nyingi zimewazoesha vijana kuamini mambo mawili ya uongo: kwamba jembe ni adhabu ya mtoro, na kwamba rutuba hutoka katika mfuko wa dukani.

Tuwatazame Wamatengo wa Mbinga. Wanaishi katika milima yenye miteremko mikali, ambako mvua ingalikwisha kuukokota udongo wote mtoni. Lakini kwa zaidi ya miaka 100 wamelima humo kwa ngoro. Hufyeka majani, huyalaza kwa safu zinazokatana kama miraba, kisha huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuyafunika. Hivyo hupatikana shimo lililozungukwa na matuta manne. Mvua ikinyesha, maji hutuama shimoni. Majani nayo huoza chini ya tuta yakawa mboji. Maharage hupandwa juu yake, na msimu ufuatao mahindi.

Katika kisiwa cha Ukara, Ziwa Victoria, ambako watu ni wengi na ardhi ni haba, wakulima walifuga ng'ombe ndani, wakiwakatia majani na kupeleka samadi shambani. Tena walipanda marejea katikati ya uwele, ili mmea huo ufukiwe uwe mbolea. Je, huu si utaalamu?

Wakoloni walikataa kuuona utaalamu wa namna hii. Huko Uluguru waliwalazimisha wakulima kuchonga milima kwa ngazi. Udongo wa chini usio na rutuba ukafukuliwa juu, mazao yakadhoofu. Mwaka 1955 wananchi wakaasi, na mpango ukafa. Kosa halikuwa kutaka kuzuia mmomonyoko, bali kumwamuru mkulima bila ya kumwuliza. Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere aliilaumu elimu tuliyoirithi kwa kuwafanya vijana wadharau maarifa ya wazee wao. Ni aibu kwamba lawama hiyo bado yatuhusu.

Wapo watakaosema kwamba tunataka kurudi nyuma, na kwamba bila ya dawa na mbolea za chumvichumvi taifa litalala njaa. Njaa si jambo la mzaha. Wala si kila la kale ni jema, maana kuchoma mashamba moto nako ni desturi yetu, nako huudhoofisha udongo. Lakini na wao watujibu. Salfeti ya amonia, ikitiwa mwaka hata mwaka, huongeza tindikali ardhini. Mrututu unaopuliziwa mibuni huacha shaba katika udongo, na shaba haiozi. DDT, iliyosifiwa kuwa mkombozi, imezuiwa mashambani kwa Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001. Na mkulima anayenunua rutuba kila msimu, kwa bei asiyoipanga yeye, amejitegemea kwa lipi?

Basi mwalimu, tenga kipande cha shamba la shule kisichotiwa chumvichumvi. Mwalike mzee au mama wa kijijini anayejua kulima, si kuwa pambo la sherehe, bali kuwa mwalimu mwenzako. Wanafunzi wafundike mboji, wapande kunde, wapime mavuno ya kila msimu na kuyaandika daftarini, ili hoja ishindwe kwa hoja. Na mtoro atafutiwe adhabu nyingine.

Nawe mwanafunzi, likizo ikifika mwulize bibi yako jinsi alivyolirudishia nguvu shamba lililochoka. Mwacha mila ni mtumwa. Na hakuna utumwa mzito kuliko wa mtu asiyejua kuilisha ardhi inayomlisha.