Kicheko Hakiharibu Vijana

Wako watu ambao, wakiona vijana wanacheka mbele ya sinema ya kungfu na mpira, wanatikisa kichwa na kusema: «Upuuzi mtupu! Inawafundisha ngumi tu.» Sisi tunawajibu wazi: mmehukumu kabla ya kutazama.

Tutwae moja inayojulikana sana, Shaolin Soccer, iliyotoka Hong Kong mwaka 2001. Stephen Chow aliiongoza, naye mwenyewe anacheza kama Sing, maskini anayeokota takataka. Sing na ndugu zake walijifunza kungfu zamani. Sasa wanafanya kazi duni, wanadharauliwa, ufundi wao wameuacha. Fung, mchezaji wa zamani mwenye kilema, anawafundisha wawe ekipe ya mpira.

Fung alipataje kilema? Alikula rushwa, akakosa penalti kwa kusudi, kisha akavunjwa mguu. Na tajiri Hung, adui yao, anawapa wachezaji wake dawa ya kuwaongezea nguvu. Je, huo ni upuuzi? Mwaka 1988, huko Seoul, Ben Johnson alinyang'anywa medali ya dhahabu kwa sababu ya dawa. Sinema inachekesha, lakini kidonda inachokigusa ni cha kweli.

Mnasema: mpira hauwaki moto, wala mtu haruki kama ndege. Ni kweli, na kila mtoto anajua. Wazee wetu walitusimulia sungura aliyemshinda tembo. Nani alisema wanatufundisha uongo? Jambo likikuzwa, linaonekana vizuri. Tazameni Mui, msichana anayekanda unga wa mikate kwa mikono laini. Katika mchezo wa mwisho yeye ndiye anayesimama golini, na mpira uliowaangusha wanaume wenye nguvu unatulia mikononi mwake.

Hatusifu yote. Sinema hiyo inacheka mno vipele vya uso wa Mui, na kumcheka mtu kwa ngozi yake si uungwana. Hilo tulikemee. Lakini mwenye kung'oa magugu hachomi shamba zima.

Basi, wazazi, msiwafukuze vijana. Kaeni nao, chekeni nao, kisha waulizeni: Kwa nini Hung alishindwa, naye alikuwa na fedha na dawa? Kijana akijibu vema, amefaidika. Akishindwa kujibu, kazi ya kumfundisha ni yenu, si ya sinema.