Alteri nyumbani: tazameni kwanza sakafu

Ndugu mufanyakazi, na wewe mama wa nyumba, kama kijana wenu anainua alteri nyumbani, musimukataze. Afadhali jasho kuliko chupa. Lakini ingieni chumbani mwake leo, inueni mukeka, mutazame sakafu.

Mara nyingi mutakuta simenti imepasuka. Makopo mawili ya rangi yaliyojazwa simenti na kuunganishwa na bomba ni alteri ya bei rahisi, na uzito wake ukianguka kila jioni mahali pamoja, sakafu nyembamba haivumilii. Mahali pengine hasara ingekuwa ya simenti tu. Hapa kwetu, kandokando ya Shinkolobwe, ni jambo la mapafu.

Munajua habari ya shimo lile. Mawe yake yaligunduliwa mwaka wa 1915. Kwanza Wabelgiji waliyataka kwa radiumu, kisha Wamarekani wakayanunua kwa bomu la 1945. Shimo lilifungwa kwa beto mwaka wa 1960. Wachimbaji wa mikono walirudi kutafuta kobalti, amri ya Rais ya Januari 2004 ikawakataza, na Julai mwaka ule ule udongo uliwaangukia, watu 8 wakafa. Kila mutu anakumbuka bomu na maporomoko. Ni wachache wanaokumbuka hewa.

Radiumu iliyo katika udongo inazaa hewa inayoitwa radoni. Haina rangi, haina harufu. Inapanda toka chini, inapita katika nyufa za sakafu, inajikusanya katika chumba kilichofungwa. Shirika la Afya la Dunia, OMS, linasema radoni ni kati ya sababu kubwa za kansa ya mapafu, na kwamba mutu anayevuta tumbako yuko katika hatari zaidi. Sasa fikirini kijana anayeinua chuma: anavuta pumzi nyingi na ndefu, tena amefunga dirisha ili jirani wasimucheke!

Si kila nyumba ina radoni nyingi. Chombo cha kupimia tu kinaweza kusema. Ndiyo maana nasema wazi: kampuni inayopima mavumbi kazini ipime pia vyumba vya wafanyakazi wake, na iwaambie matokeo.

Mukingoja, zibeni nyufa kwa simenti mpya, hata ile ndogo ya pembeni ambapo sakafu inakutana na ukuta. Ikauke siku nyingi, isikanyagwe. Kisha wekeni mbao nene, na juu yake mupira. Mbao inatawanya uzito, mupira unapunguza kishindo. Lakini musidanganyike: mukeka na mupira havizuii hewa. Wenye bahati ya sakafu ya mbao ngumu wasijivune. Mupira utaikinga na alama za chuma, lakini hewa inapita katikati ya mbao. Kabla ya kupigilia mbao, simenti ya chini itengenezwe. Jasho lipanguswe, na mupira uinuliwe ukauke, kwa maana maji yaliyofungwa chini yake yanaozesha mbao.

Mupira wa mukanda wa kupeleka mawe ni muzuri sana kwa kazi hii, nakubali. Lakini umelala katika mavumbi miaka mingi. Ombeni ruhusa kwa mukubwa wa kazi, na uoshwe kwa maji mengi huko huko kazini, usifike nyumbani na mavumbi yake.

Jambo moja linaniogopesha kuliko nyufa. Kijana anayetafuta uzito anapenda jiwe dogo linalolemea mukono. Jiwe jeusi la uraniumu ni zito hivyo, na yale ya manjano au ya kijani yanapendeza macho. Lisiingie chumbani, wala chini ya kitanda, wala mikononi mwa watoto. Na mawe ya jalala la shimo yasijaze musingi wa nyumba.

Dirisha liwe wazi kabla ya alteri ya kwanza, na libaki wazi mpaka kijana amekwenda kuoga. Jirani wakicheka, wacheke.